Picha Iliyohama

Malikopo alikuwa na desturi ya kufungua ramani kila Jumamosi asubuhi, kama wenzake wanavyofungua banda la kuku: hatafuti kitu, anatazama tu kama wote wapo. Siku hiyo alibofya nyumba ya bati jekundu iliyo karibu na kanisa la Ha Sekoati. Katika ramani hiyo ya wote, ambayo mtu yeyote duniani aweza kuichora na yeyote aweza kuitumia bila kuomba ruhusa, kila kitu hubeba jina la mtu aliyekigusa mwisho. Kwa miaka tisa nyumba ile ilibeba jina la Malikopo. Asubuhi hiyo ilibeba jina la Keneuoe.

Akabofya ya pili. Keneuoe. Ya tatu, Keneuoe. Zizi la chifu, Keneuoe. Kisima cha chini, njia ya zahanati, hata choo cha shule, ambacho yeye mwenyewe alikichora siku aliyokuwa na homa, meno yakigongana: Keneuoe, Keneuoe, Keneuoe.

"Ntate Seabata," aliita bila kugeuza shingo, "hii mashine ina akili zake sawasawa?"

Seabata alikuwa tarishi wa posta kabla ya kustaafu, na chumba hicho cha kompyuta kilikuwa chake, nyuma ya nyumba yake. Alikaa pembeni na bakuli la likhobe, akitafuna punje za mahindi na maharage moja moja kama mtu asiye na haraka ya kufika popote.

"Ina akili kuliko mimi. Kwani vipi, 'M'e?"

"Nyumba zangu zimeibiwa."

"Huku kwetu huibiwa ng'ombe, 'M'e. Nyumba sijasikia."

Malikopo hakucheka. Akabofya nyumba nyingine.

Miaka tisa nyuma, Ha Sekoati haikuwapo. Watu walikuwapo, na ng'ombe, na kanisa, na korongo lile linalokula ardhi kila masika. Lakini ukitazama ramani uliona weupe tu, kana kwamba Mungu alikuwa anaumba, akafika hapo akaitwa kula. Malikopo alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji, mtu wa darasa la sita, mjane mwenye wana wawili waliovuka mpaka kutafuta kazi na kurudi Krismasi, wakirudi. Kipupwe kimoja gari la chanjo lilizunguka milimani siku nzima likitafuta kijiji, likarudi Mafeteng na sindano zake. Hasira ya siku hiyo ndiyo iliyompeleka kwa Seabata.

Seabata alikuwa amepata kompyuta mbili zilizotupwa na ofisi moja. Alizifuta kila kitu, akazitia programu huria. "Hizi hazina bwana," alimwambia. "Zimeandikwa na watu wengi wasiojuana, wakaziacha mlangoni kama jirani anavyokuachia boga. Ukiweza kuzitengeneza, tengeneza. Ukishindwa, tumia. Hakuna wa kukuuliza." Naye akajifunza kushika kipanya kama anayeshika kifaranga, asikiue. Alitandaza kwenye kioo picha iliyopigwa kutoka angani, akachora juu yake paa moja baada ya jingine, kisha akavaa blanketi lake na kwenda nyumba kwa nyumba kuuliza majina. Vipupwe viwili vilikwisha hivyo. Nyumba mia mbili na kumi na nne.

Tangu hapo aliitwa 'M'e wa Ramani, yaani Mama wa Ramani. Mgeni akipotea, aliambiwa, muulize Malikopo. Kwenye pitso, mkutano wa chifu, aliwekewa benchi la mbele. Hakuwa na mume, hakuwa na ng'ombe, wanawe walikuwa mbali. Hicho ndicho alichokuwa nacho.

Kisha mwezi wa sita Keneuoe akarudi. Alikuwa mzaliwa wa hapo hapo, lakini miaka kumi na miwili aliimaliza Welkom, ng'ambo ya mpaka, akiuza na kutengeneza simu, mpaka duka lilipofungwa. Msichana wa miaka thelathini na moja, hana mume, anacheka kwa sauti, tena anajua kucheka. Siku ya kwanza Malikopo alimfundisha yeye mwenyewe namna ya kuchora paa. Wiki ya tatu Keneuoe hakuwa na swali tena. Mwalimu huchoka na mwanafunzi anayeuliza, lakini yule asiyeuliza ndiye anayemkosesha amani.

Kumbe amekuja kwa hili, Malikopo aliwaza, akainuka kutoka mbele ya kile kioo. Wanasema mgeni njoo mwenyeji apone. Mimi mgeni amekuja, nimeugua.

Keneuoe aliingia na bakuli la makoenya, yale mandazi ya mafuta, yakiwa bado ya moto. Watu watano sita wa kikundi cha kuchora ramani waliingia nyuma yake kama vifaranga. Akaweka bakuli mezani, akaketi kwenye kiti cha dirishani. Kiti hicho hakikuandikwa jina la mtu, ni kweli. Lakini kila mtu alijua ni cha Malikopo.

"Ausi Keneuoe," alisema Malikopo, "nyumba zangu zimekukosea nini?"

"Hazijanikosea kitu, 'M'e. Nimezisogeza tu hatua ishirini kuelekea korongoni. Picha ilikuwa imehama."

"Imehama imekwenda wapi? Maputsoe kutafuta kazi ya kiwandani?"

Chumba kizima kikacheka. Keneuoe naye akacheka, akajipiga paja, na kicheko chake ndicho kilichomuuma Malikopo kuliko cha wengine. Yeye alitaka Keneuoe akasirike.

"'M'e, nisikilize. Ile picha ya angani waliitandika vibaya juu ya milima yetu, kama blanketi lililoteleza begani. Kila kilichochorwa juu yake kimeteleza nacho. Nilitembea kijiji kizima na kifaa cha kupima mahali, siku nne. Nimeandika maelezo yote pale."

"Nimeyasoma," alisema Malikopo. Hakuwa ameyasoma.

"Hata kuna Mjerumani amemwandikia," Seabata alidakia, punje moja ikimruka mdomoni. "Anamshukuru. Anasema kazi safi, hajaona kijiji cha milimani kilichopangwa vizuri hivyo."

Miaka tisa hakuna Mjerumani aliyemwandikia Malikopo. Hakuna hata Mswati.

"Sasa Wajerumani ndio wanaojua nyumba zetu zilipo? Mimi niliyezaliwa hapa nizibe mdomo?"

"Si hivyo, 'M'e…"

"Kula makoenya yako, mwanangu, yanapoa."

Kabla hawajatawanyika Seabata aliwakumbusha jambo. Baraza la eneo lilikuwa limemleta mpimaji, akapima ukingo wa korongo kwa vyombo vyake. Jumatatu wangechukua nyumba kutoka kwenye ramani hii ya wote, waziweke pamoja na ule ukingo, wachape karatasi. Nyumba yoyote iliyo ndani ya mita thelathini kutoka ukingoni ingepewa kiwanja kipya juu, karibu na barabara, kabla mvua hazijaanza. Jumatano pitso, Ijumaa chifu atie mhuri. "Kwa hiyo ramani yetu iwe safi," alisema Seabata. "Mara moja katika maisha serikali inatusoma sisi."

Wote walimtazama Keneuoe. Yaani hata shingo za watu zilikuwa zimehamia kwake.

Jumapili, baada ya ibada, Malikopo alikwenda peke yake kwenye kile chumba. Ufunguo alikuwa nao miaka yote. Upepo wa mwezi wa nane ulikuwa unapeperusha vumbi na maua ya mipichi, mchana kweupe. Alifungua ramani, akatandaza chini yake ile picha ya angani aliyoizoea, akatazama.

Naam. Zile nyumba alizozisogeza Keneuoe hazikukaa juu ya mapaa ya pichani. Zote zilikuwa pembeni, zimening'inia hewani kama kofia iliyovaliwa upande. Nyumba ya kanisa ilikaa barabarani. Zizi la chifu lilikaa juu ya nyumba ya chifu.

"Haya," alijisemea. "Huyu ndiye fundi."

Picha haidanganyi, ndivyo alivyofundishwa, ndivyo alivyofundisha. Akazikusanya nyumba zote kwa mstari mmoja, njia na visima na vyoo, akavuta polepole kuelekea mashariki mpaka kila paa lilipoingia juu ya paa lake, *tap*, kama mguu unaoingia kwenye kiatu chake. Kwa kawaida ya watu wa ramani, hugusi kazi ya mwenzio kabla hujamuuliza. Malikopo alilijua hilo vizuri. Kawaida hiyo yeye ndiye aliyewafundisha wenziwe. Kwenye nafasi ya maelezo akaandika: *Nimerudisha nyumba mahali pake. Aliyezaliwa na kukaa hapa ndiye anayejua.* Akabonyeza.

Kisha akabofya moja moja. Malikopo. Malikopo. Malikopo. Alikaa pale saa nzima akibofya.

Jioni kabla jua halijazama simu ikalia kidogo. Ujumbe wa Keneuoe: *'M'e, nimeona umerudisha. Nakuomba tutembee pamoja na kifaa kabla ya kesho. Kama nimekosea, nitakuomba radhi mbele ya wote.*

Malikopo aliusoma mara tatu akitafuta tusi, asilione. Hakujibu. Aliamini Keneuoe angezisogeza tena usiku ule ule, wavutane, watu waone nani mkorofi. Jumatatu alfajiri akaangalia: nyumba ziko vile vile. Yule msichana hakugusa hata choo. Watu wa ramani hawapaswi kuvutana, na yeye alikuwa ameshika adabu hiyo.

Hata ugomvi ananinyima, Malikopo aliwaza, na akamchukia zaidi.

Jumatatu baraza likachukua nyumba. Jumatano watu wakakusanyika kwenye uwanja wa chifu, wamejifunga mablanketi, wazee kwenye jua, wanawake kwenye ukuta unaokinga upepo. Chifu alikuwa mwanamke mfupi wa sauti nene, na kwa cheo chake aliitwa Morena kama chifu yeyote. Mpimaji wa baraza alibandika karatasi ubaoni. Mstari mwekundu ulikuwa ukingo wa korongo, mwingine mwekundu ukipita mita thelathini kutoka hapo.

"Nyumba zilizo ndani ya mstari ni mbili," alisema mpimaji. Akasoma majina mawili.

Sauti ikatoka nyuma, ya Maphoka, mjane anayepika joala, pombe ya mtama. Bendera yake nyeupe, ishara kwamba pombe ipo, ilijulikana na wanaume wa vijiji vitatu.

"Na mimi je?"

"Jina lako, 'M'e?"

"Maphoka. Nyumba ya bendera."

Mpimaji akatafuta kwa kidole. "Wewe uko mita arobaini na mbili. Uko salama."

"Salama!" Maphoka alisimama, blanketi likamteleza. "Baba, mimi nikimwaga maji ya kuoshea vyombo, huyasikia yakianguka huko chini! Mwaka jana korongo limekula zizi langu. Mwaka juzi limekula mti wa mpichi. Mwaka huu linanitazama mimi. Mita arobaini na mbili unazipata wapi? Umezipima kwa miguu ya nani? Ya kuku?"

Watu wakaangua kicheko, wengine wakaanza kunung'unika, maana walikuwapo wanne zaidi waliotarajia kusikia majina yao. Mpimaji akainua mikono. "Ukingo nimeupima mimi. Nyumba si zangu. Nyumba ni za ramani yenu wenyewe."

"Basi yamekwisha," alisema mzee mmoja kwa kuridhika. "Zile zimechorwa na 'M'e Malikopo. Huyo hakosei. Keti, Maphoka."

"Kweli," wengine wakaitikia. "Kama ni Malikopo, hakosei."

Chifu akamgeukia kwenye benchi lake la mbele. "'M'e wa Ramani, unasemaje?"

Ng'ambo, ukutani, alikuwa amesimama Keneuoe. Hakutikisa kichwa, hakunyoosha mkono. Alimtazama tu, na Malikopo alijua kwamba msichana yule angeweza kusema sasa hivi, mbele ya wote, na alikuwa anamwachia. Hicho ndicho kilichomfunga ulimi. Kama angechokozwa, huenda angesema kweli.

"Ramani iko kama ilivyo," alisema.

Maphoka akaketi. Aliketi taratibu, kama mtu anayetua mzigo mahali asipopataka, na hakumtazama tena.

Alhamisi asubuhi Malikopo alitoka na kamba ya kuanikia nguo. Alijiambia anakwenda tu kumnyamazisha Maphoka. Alifunga kamba kwenye bawaba ya mlango wa nyuma wa nyumba ya bendera, Maphoka akiwa ndani anakoroga mtama, akarudi kinyumenyume kuelekea korongoni huku akihesabu hatua zake, kila hatua karibu mita moja. Alipofika ishirini na mbili, kisigino kikakosa ardhi. Akashika kamba kwa mikono miwili. Udongo ulimong'onyoka chini yake, ukasikika ukifika chini baada ya muda.

Akajivuta kwa kamba mpaka kwenye nyasi kavu.

Haikumtosha. Huenda hatua zake zilikuwa fupi. Huenda ni uzee. Akaenda kuchukua kifaa cha kikundi cha kupima mahali, kile cha manjano alichokuwa hakitumii kwa sababu alikuwa na picha. Akakiwasha, akatembea nacho njia ya zahanati, kutoka kanisani mpaka kisimani, njia ambayo angeipita akiwa amefumba macho. Kisha akaunganisha kifaa na kompyuta, nyayo zake zikatokea kwenye kioo, mstari mwembamba wa buluu.

Mstari haukupita njiani. Ulikwenda sambamba na njia ya pichani, kila kona ikifuata kona, lakini umekaa pembeni hatua ishirini, ukipenya ukuta wa nyumba hii ukatokea ukuta wa pili, kama mzimu usiojua kwamba watu wamejenga. Malikopo hakuwa amepita ndani ya nyumba ya mtu. Basi iliyohama ni picha. Na kila kitu alichokichora miaka tisa kilikuwa kimehama nayo, nyumba na njia na visima pamoja, kama familia iliyopanda gari moja, na kwa kuwa wote walihama pamoja hakuna aliyeona tofauti.

Akashika kichwa.

Wivu haukumwacha hata hapo. Kwanza ulimwambia: sogeza nyumba ya Maphoka peke yake. Akaisogeza. Ikakaa juu ya zizi la jirani, bendera na mitungi katikati ya mbuzi wa watu. Akaiacha irudi.

Kisha ukamwambia jambo tamu zaidi. Rudisha zote, mwenyewe, kwa hatua moja, kama Keneuoe alivyoziweka. Nyumba zitakaa mahali pa kweli, Maphoka atapata kiwanja, na jina la mwisho, kwenye zote mia mbili na kumi na nne, litakuwa lako. Kesho utamwambia chifu kwamba umeirekebisha. Nani atauliza? Kidole chake kilikuwa tayari juu ya kipanya.

Ili arudishe kama zilivyokuwa, ilimbidi afungue kazi ile ya Keneuoe. Maelezo yakatokea, yale aliyosema ameyasoma.

*Nyumba zote za Ha Sekoati zilichorwa na 'M'e Malikopo, mwalimu wangu, wakati hapajachorwa kitu. Maumbo na majina ni yake. Mimi nimezisogeza tu zikae zilipo, kwa sababu picha ya zamani imehama. Nilipima mwenyewe kwa siku nne.*

Malikopo alisoma, akatoa miwani, akaifuta kwenye blanketi, akasoma tena. Hata wema wake ulimkera. Angeandika tu *nimerekebisha*, kama watu wengine, lingekuwa jambo jepesi.

Alimkuta Keneuoe nyumbani kwa mama yake, amepiga magoti, anatengeneza samadi ya ng'ombe kuwa vipande vya kuni, mikono imepakwa mpaka viwikoni.

"Nawa mikono," alisema Malikopo. "Twende ukarudishe nyumba."

Keneuoe akamtazama. "Umepima, 'M'e?"

"Nusura nianguke korongoni nikipima. Nawa, nimesema."

"Ufunguo unao wewe. Rudisha tu, 'M'e. Kuna tofauti gani?"

"Nikirudisha mimi, jina litakuwa langu."

"Si kitu."

"Usiniambie si kitu!" Sauti ilimtoka kali hadi mama yake Keneuoe akachungulia dirishani. "Ingekuwa si kitu, ningefanya nilichofanya? Wiki nzima sili, silali, nakuona wewe kwenye kila paa. Kitu kilichonifanya nikae kimya mwanamke mwenzangu anapewa korongo kuwa jirani, usiniambie si kitu. Zirudishe wewe. Kwa jina lako."

Keneuoe akacheka, safari hii kwa sauti ndogo. "Basi niruhusu nibadilishe nguo, 'M'e. Nikija na harufu hii, Ntate Seabata atatufukuza."

"Seabata mwenyewe harufu yake unaijua? Twende."

Walikaa pamoja mbele ya kioo. Keneuoe kwenye kiti cha dirishani, Malikopo kwenye kile cha pembeni kinachoyumba. Nyumba zilipohama, hatua ishirini kuelekea machweo, Malikopo alihisi kama anayetazama mwanawe akipanda basi na mtu mwingine. Alimtaka Keneuoe abonyeze haraka. Akabonyeza.

Ijumaa Malikopo hakuketi kwenye benchi la mbele. Alisimama katikati ya uwanja, mahali wanaposimama watu wenye mashtaka.

"Morena," alisema, "juzi mliambiwa Malikopo hakosei. Nimekosa miaka tisa bila kujua. Jumapili nikakosa kwa kujua nusu, kwa sababu niliona kijicho. Ausi Keneuoe alizipanga nyumba sawa, mimi nikazivuruga. Ramani ya Jumatatu ni ya wivu wangu. Ya leo ndiyo ya kweli."

Minong'ono ikapita kama upepo kwenye mtama. Mzee wa juzi akatazama fimbo yake.

Mpimaji alikuwa amekasirika, na Malikopo hakumlaumu. "Kwani ramani yenu inabadilika kila siku kama hali ya hewa? Niamini ipi?"

"Usiamini yoyote," alisema Malikopo. "Una utepe wako. Mlango wa Maphoka ule pale. Lakini ukifika ishirini na mbili simama, baba, maana nyumbani wanakusubiri."

Hapo watu wakacheka, na chifu naye akacheka, akaamuru utepe uletwe. Kijiji kizima kikashuka nyuma ya mpimaji. Ishirini na mbili na nusu. Akapima nyumba ya pili, ya tatu, ya nne, kila moja akiilinganisha na karatasi mpya ambayo Seabata aliichapa asubuhi, na kila mara alikuwa anatikisa kichwa polepole, kwa kukubali. Majina saba. La Maphoka lilisomwa la tatu, akapiga kigelegele hata kuku wake wakakimbia. Chifu akaitia karatasi mhuri juu ya jiwe, hapo hapo ukingoni.

Maphoka hakutaka mtu aondoke. Mtama wa tangu Alhamisi ulikuwa umeiva. Alitoa chungu, akachota kata ya kwanza, akaionja mwenyewe mbele ya wote kama ilivyo desturi ya mpishi, waone haina sumu. Kisha akaijaza tena mpaka povu likamwagika, akapita mbele ya Malikopo bila kusimama, akampa Keneuoe.

Ilikuwa haki. Malikopo alijua ni haki, na iliuma vile vile.

Keneuoe alitaka kumpisha mkubwa wake, akainyoosha kata upande wake. "'M'e, tafadhali."

"Kunywa," alisema Malikopo. "Umepewa wewe. Usinipe mimi kwa huruma, nitakumwagia."

Keneuoe akanywa. Malikopo akahesabu mafunda: matano. Alipopewa kata, tena na Maphoka mwenyewe, ambaye safari hii alimtazama usoni, alijifuta midomo kwanza kwa pembe ya blanketi, akanywa sita.